Lipeni Kazi Mnayoiita Jaribio

Ijumaa jioni barua pepe inaingia. Hongera, umepita hatua ya kwanza ya usaili. Sasa tunaomba ubuni programu ya simu itakayomwezesha mkulima mdogo kupata soko la mazao yake. Tuletee utafiti wa watumiaji, wasifu wa watumiaji watatu, ramani ya safari ya kila mmoja, michoro ya awali, skrini zilizokamilika na kielelezo kinachobonyezeka. Mwisho wa kuwasilisha ni Jumatatu saa tatu asubuhi. Tunakutakia kila la heri.

Sijakutana na mbunifu wa uzoefu wa mtumiaji, hapa Dar es Salaam wala Nairobi, ambaye hajawahi kupokea barua ya namna hii. Mara mkulima anageuka mgonjwa, mara mwanafunzi, mara abiria wa mwendokasi. Mengine yote hubaki vilevile: malipo hayatajwi, mtu wa kuulizwa swali hayupo, na mwombaji hapewi nafasi ya kumwona hata mkulima mmoja. Anajifungia chumbani siku mbili na kompyuta yake, anatoka na skrini thelathini, anazituma, kisha kimya. Wiki inapita, mwezi unapita, hata neno la kumwambia hakupata halifiki.

Nasema bila kuzunguka: hiyo ni kazi, na mwenye kuitaka ailipe. Na ubaya wake haukomei kwenye malipo. Jaribio lililotungwa hivyo linamlazimisha mwombaji kudanganya, halafu linampa alama kwa ustadi wake wa kudanganya. Nitaanza na uongo huo, maana ndio unaoniuma zaidi.

Mwaka 1993 Don Norman alijiunga na kampuni ya Apple akachukua cheo cha msanifu wa uzoefu wa mtumiaji. Hakuwa mchoraji. Alikuwa mwanasayansi wa mambo ya akili, mtu aliyetumia miaka mingi kuchunguza kwa nini binadamu hukosea. Mwaka 1988 alikuwa amekwisha kuchapisha kitabu kuhusu milango, majiko na swichi zinazowachanganya watu, na hoja yake kuu ilikuwa kwamba mtu akishindwa kutumia kitu, kosa litafutwe kwanza kwenye kitu chenyewe. Ili uligundue kosa hilo, sharti umtazame mtu akikitumia. Mwenzake, Jakob Nielsen, aliandika mwaka 2000 kwamba ukiwaketisha watu 5 tu mbele ya ulichobuni, utaziona takriban asilimia 85 ya kasoro zake. Watu 5! Unaweza kuwapata kwenye kituo kimoja cha daladala. Lakini jaribio la kuomba kazi haliwataki hata hao watano.

Mwombaji aliyeko Sinza atampata wapi mkulima wa Mbozi kati ya Ijumaa usiku na Jumatatu asubuhi? Hampati. Barua imedai utafiti, kwa hiyo anautunga. Anachukua picha ya mama mmoja mtandaoni, anambandika jina, umri wa miaka 34, watoto watatu, simu ya bei nafuu na ndoto ya kuongeza kipato. Anamtia maneno kinywani kwamba anahangaika sana na madalali. Anamchorea safari yenye uso wa huzuni mwanzoni na uso wa furaha mwishoni, pale anapoipakua programu. Mama huyo hayupo duniani. Hakuna aliyemsikiliza. Jopo nalo linajua hayupo, kwa sababu jopo ndilo lililotoa siku mbili. Kisha wajumbe wanaitazama safari hiyo ya kutunga na kusema, huyu kijana anaujua mchakato.

Kijana huyo akiajiriwa atafanya vivyo hivyo kazini, kwa kuwa ndicho alichopewa alama. Atatunga wagonjwa, atatunga wanafunzi, atatunga wazee wanaofurahia kila kitufe. Fedha zitatengwa kwa ajili ya watu hao wasiokuwepo, uzinduzi utafanyika hotelini, na mkulima wa kweli ataendelea kumpigia dalali wake simu kama alivyokuwa akifanya jana.

Sisi wa Afrika Mashariki ndio tusiostahili kabisa kulisahau hili, kwa sababu mfano mkubwa kuliko yote ulitokea kwetu. M-Pesa haikuanza kama huduma ya kutumiana pesa. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, wakichangiwa fedha na serikali ya Uingereza, waliibuni ili wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo walipe marejesho yao kwa simu. Hilo ndilo swali walilokuwa wamejipa. Oktoba 2005 majaribio yakaanza Kenya, Nairobi na Thika, wakiwa pamoja na Safaricom na taasisi ya Faulu, kwa mawakala 8 na wateja takriban 500. Muda si mrefu watu wakaanza kufanya mambo ambayo hayakuwamo kwenye mchoro wa mtu yeyote. Mmoja alimlipia mwenzake marejesho, naye akalipwa kwa huduma. Wafanyabiashara wakalipana wao kwa wao. Wengine wakaweka mauzo ya jioni kwenye simu kwa sababu benki zilikuwa zimekwisha kufungwa na hawakutaka kulala na pesa ndani. Msafiri akaweka fedha mji mmoja na kuzitoa alikokwenda, ili asibebe taslimu njiani. Upande wa taasisi ya mikopo, kuoanisha malipo hayo na mifumo yake kukawa mzigo.

Waliokuwa wakitazama wakaona. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, marejesho ya mikopo yalikuwa yamewekwa pembeni, na ahadi iliyobaki ilikuwa moja: tuma pesa nyumbani. Mwaka uliofuata ikavuka mpaka ikaingia Tanzania.

Sasa wapeni Hughes na Lonie siku mbili na chumba kilichofungwa. Wangewasilisha mfumo safi wa kurejesha mikopo, hatua zake zimenyooka, maandishi yamepangika, na jopo lingewapigia makofi. Jibu lingekuwa sahihi kwa swali ambalo halikuwa na maana. Kilichoifanya M-Pesa iwe M-Pesa ni miezi ya kuwatazama watu wa Nairobi na Thika wakiitumia kwa namna ambayo hakuna aliyewaagiza, na unyenyekevu wa wabunifu kukubali kwamba mteja amewazidi akili. Nitajieni jaribio moja la kuomba kazi linaloacha mlango wazi kwa unyenyekevu huo. Nimetafuta sana na sijaliona.

Halafu yako maswali yenyewe. Umezagaa mtindo uliotoka kwenye kampuni kubwa za Marekani: buni mashine ya kutolea fedha kwa ajili ya watoto, buni lifti ya jengo la ghorofa 1,000, buni upya saa ya kuamshia. Yamezoeleka kiasi kwamba mwaka 2018 Artiom Dashinsky alichapisha kitabu kizima cha kuwafundisha waombaji namna ya kuyajibu maswali ya aina hiyo. Simlaumu, amewasaidia wengi. Lakini mtihani ukishakuwa na kitabu chake cha mazoezi, anayefaulu ni aliyekisoma. Na maswali hayo yananakiliwa jinsi yalivyo na ofisi za huku kwetu ambazo wateja wake wengi hawajawahi kupanda lifti ya ghorofa kumi, na huduma zake hufunguliwa kwa kubonyeza nyota, namba na reli.

Kama mnataka maswali, nchi imejaa maswali. Chukueni menyu hiyo ya nyota na reli. Ujumbe wake mmoja haubebi zaidi ya herufi 182, ukihesabu nafasi na namba za machaguo. Hakuna rangi, hakuna aikoni, hakuna picha ya kumwelekeza mtu. Mtumiaji akisita kidogo kutafuta miwani, muunganisho unakatika na anaanza upya kutoka mwanzo. Mpeni mwombaji menyu mnayoitumia leo, mwambieni apunguze hatua za kutuma pesa bila kuongeza hatari ya kukosea namba ya mpokeaji. Kila neno analolikata lina gharama, kila neno analolibakiza linachukua nafasi ya jingine. Mtaona akipima. Mtaona kama anamfikiria mtu mwenye haraka stendi ya mabasi, au anajifikiria yeye na kompyuta yake.

Au chukueni umeme wa kulipia kabla. Tokeni ya LUKU ina tarakimu 20. Mwenye nyumba anaibonyeza kwenye mita iliyo ukutani, mara nyingi gizani kwa sababu uniti ndizo zimekwisha, na namba yenyewe imo kwenye simu ya mtoto wake aliyeko mji mwingine, ambaye anamsomea. Mwaka 2024, mita za aina hii zilipotakiwa kuhuishwa duniani kote kabla ya tarehe 24 Novemba, wateja wa Kenya na Tanzania walipewa makundi matatu ya tarakimu 20, wayaingize kwa mpangilio maalumu ndipo umeme uingie. Tarakimu 60, kwa mpangilio, kwenye vitufe vya mpira vilivyochakaa! Bibi anayeishi peke yake Tandahimba anafanyaje? Akikosea kundi la kwanza atajuaje kabla hajafika la tatu? Ujumbe wa simu unaoleta tarakimu hizo upangwe vipi ili macho yasipotee katikati? Kati ya kundi na kundi aambiwe nini? Na nani anapaswa kumwambia, mita, simu, mwenyekiti wa mtaa, au redio?

Hapo ndipo ufundi wetu ulipo. Swali hilo halina skrini ya kupamba wala kivuli cha kuweka chini ya kitufe, kwa hiyo mwombaji hana pa kujificha. Ningempa kazi mtu ambaye, akiwa amepewa swali la tokeni, angeniuliza kwanza kama mita iko ndani ya nyumba au nje kwenye nguzo.

Najua watakachonijibu waajiri. Watasema kazi za kuonyesha zinaibwa, vyeti havisemi kitu, ni lazima tumwone mtu akitenda. Hoja hiyo ina uzito na sitaipuuza. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walikusanya matokeo ya miaka 85 ya tafiti za kuajiri, wakaiweka sampuli ya kazi, yaani kumpa mwombaji atende sehemu ya kazi yenyewe, karibu na kilele cha njia zinazotabiri nani atafanya vizuri akishaajiriwa. Waajiri wengi wanaegemea hapo, hata wasiojua wameegemea nini. Lakini mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake waliipitia upya hesabu hiyo, wakaonyesha kwamba masahihisho ya zamani yalikuwa yamezikuza namba kupita kiasi, na sampuli ya kazi ikashuka. Iliyokaa kileleni ni usaili wenye mpangilio: maswali yaleyale kwa kila mwombaji, vigezo vilivyoandikwa kabla, alama zinazofuata vigezo hivyo. Sampuli ya kazi bado ina nafasi yake, lakini kwa masharti yanayofanana: muda uleule, zana zilezile, msimamizi yuleyule. Mkimwachia kila mtu aende nayo nyumbani kwake, mmeshauvunja ulinganifu wote.

Na nyumba za watu hazifanani. Kijana mmoja anaishi kwa wazazi wake Mbezi Beach, intaneti ya kulipia kwa mwezi ipo, chakula kinaletwa mezani, hana anayemtegemea. Mwingine anashinda dukani kwa watu Jumamosi nzima, ananunua bando la siku, kompyuta anaazimana na kaka yake, ana mtoto mchanga, na Jumapili umeme unakatika mchana kutwa. Wote wawili wanatuma. Skrini za wa kwanza zimekamilika hadi vivuli vyake. Za wa pili zimeishia katikati, pengine zikiwa na wazo bora zaidi. Jopo linamchukua wa kwanza na kuandika kwamba ana kiwango cha juu. Limepima nani ana nafasi nyumbani kwake, limeandika kwamba limepima kipaji.

Tena maelekezo huwa na sentensi inayonichefua: tunashauri usitumie zaidi ya saa nne. Hakuna anayeihakiki. Anayeitii anashindanishwa na aliyekesha siku mbili, na anashindwa. Sentensi hiyo humwadhibu mwaminifu peke yake.

Niliwahi kualikwa kuketi kwenye jopo la taasisi moja ambayo sitaitaja. Kazi za waombaji zilirushwa ukutani kwa projekta, moja baada ya nyingine. Mjumbe mmoja akasema rangi hii siipendi, faili likafungwa. Mwingine alikuwa akijibu ujumbe kwenye simu yake. Kurasa za maelezo, zile ambazo waombaji walieleza kwa nini wamefanya walivyofanya, zilipitwa kwa kasi hadi kwenye picha. Nikauliza karatasi ya vigezo iko wapi. Haikuwepo. Nikauliza tunapima nini hasa, nikajibiwa kwamba mtu mzuri huonekana tu. Nilikataa kutoa alama bila vigezo na nikaomba waombaji waitwe, waulizwe maswali yaleyale. Ombi langu halikukubaliwa. Nikayatazama majina yao kwenye orodha, watu waliokuwa wamekosa usingizi kwa ajili ya mtu asiyependa rangi ya samawati, na hasira niliyopata siku ile ndiyo inayoandika makala hii.

Siku hizi pia hoja ya kutaka skrini nyingi imekufa yenyewe. Zana za akili unde huzalisha skrini nadhifu kwa dakika chache. Figma, ambayo wabunifu wengi huitumia kila siku, iliongeza zana ya namna hiyo mwaka 2025. Anayewaletea skrini thelathini leo huenda ameandika aya moja ya maelekezo. Kinachobaki kuwa cha mtu mwenyewe ni maswali aliyouliza, watu aliowasikiliza na mambo aliyoyakataa. Hayo ndiyo linayoyatupa jaribio la nyumbani.

Kuna suala la mali. Majaribio mengine hayazungumzii mkulima wa kufikirika; yanamtaka mwombaji aiboreshe programu ya kampuni yenyewe, aonyeshe wateja wanakwama wapi kwenye usajili, apendekeze ukurasa mpya wa malipo. Waombaji arobaini wakijibu, kampuni imepata ushauri wa watu arobaini bila kutoa senti. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 kinasema kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zikubaliane vingine. Wanasheria wanaweza kubishana kama jaribio la kuomba kazi ni kuagiza. Mwombaji asiye na kazi hana fedha za kumweka mwanasheria wa kubishana kwa niaba yake, na kampuni inalijua hilo. Marekani, AIGA, chama cha wabunifu kilichoanzishwa mwaka 1914, kimewaonya wanachama wake kwa miaka mingi dhidi ya kutoa kazi bure kwa matumaini ya kulipwa baadaye. Hakuna anayemwambia fundi cherehani amshonee suti nzima bure ili aamue kama atakuwa mteja wake.

Na msiniambie fungu halipo. Tunaishi mahali ambapo mtu hulipwa posho kwa kuketi kwenye kikao. Ofisi inayomlipa mjumbe wa jopo posho, nauli na chakula cha mchana kwa kutazama kazi ya mtu, inawezaje kusema haina cha kumlipa mwenye kazi? Automattic, kampuni iliyo nyuma ya WordPress.com, iliwapa waombaji wake kazi halisi ya majaribio ikawalipa dola 25 kwa saa, kiwango kimoja kwa kila nafasi iliyotangazwa. Mkuu wake, Matt Mullenweg, alilieleza jambo hilo hadharani mwaka 2014. Sidai mlipe dola 25. Nadai mlipe kinachofanana na ujira wa siku wa nafasi mliyoitangaza. Mkilazimika kulipa, mtajikuta mnawapa jaribio watu watatu badala ya arobaini, na kwa mara ya kwanza mtasoma maombi yao kwa makini kabla ya kuwaagiza wakeshe.

Nanyi wadogo zangu mnaotafuta kazi, nawasemesha kwa upendo na kwa ukali. Anayeweza kukataa, akatae, na aandike sababu kwa adabu. Najua si wote wanaoweza. Kodi ya nyumba haisubiri kanuni. Basi mkilazimika kulifanya, lifanyeni kwa namna inayoheshimu ufundi wenu.

Msitunge watu. Saa mbili zinatosha kwenda kwa wakala wa pesa mtaani kwenu, ukamwomba ruhusa, ukaketi kwenye benchi lake ukatazama wateja wanakwama wapi. Mwuza nyanya wa sokoni Mabibo, au wa Marikiti kule Nairobi, amezungumza na wakulima wengi kuliko jopo lolote la usaili. Nunua kwake mafungu mawili umuulize anampataje mkulima wake, nani anapiga simu kwanza, bei inaafikiwa lini, fedha zinatangulia au mzigo. Andika ulichokisikia. Kama ni watu watatu, andika watatu, usiseme utafiti umeonyesha. Skrini nne zilizozaliwa na watu watatu wa kweli zina nguvu kuliko thelathini zilizozaliwa na picha ya mtandaoni, na jopo lisiloliona hilo limekuonyesha utakavyoishi ukienda kufanya kazi pale.

Ulizeni kabla ya kuchora. Nani atakitumia? Ana simu ya aina gani, na ni yake au ya mume? Leo anafanyaje bila programu hii? Mtajuaje kwamba imefaulu? Jopo likikataa kujibu, yawekeni maswali hayo ukurasa wa kwanza, pamoja na majibu mliyoyakisia na sababu za kuyakisia hivyo. Onyesheni pia mlichokitupa. Mchoro uliouacha kwa sababu mwuza nyanya hakuuelewa unanieleza habari zako kuliko ule uliokamilika. Na mkimaliza kuchunguza mkaona programu haihitajiki, kwamba mkulima huyu anahitaji bei ya soko kwa ujumbe mfupi wa simu kila alfajiri, semeni hivyo na mtetee hoja hiyo. Inahitaji ujasiri mbele ya mtu aliyeagiza programu. Ujasiri huo ni sehemu ya kazi mnayoiomba.

Wekeni ukomo wa saa, muuandike juu ya kazi: nimetumia saa kadha, ningepewa zaidi ningefanya hili na hili. Chini yake andikeni kwamba kazi ni mali yenu na mmeitoa kwa ajili ya usaili pekee. Hifadhini nakala yenye tarehe. Msione aibu kuuliza mrejesho, mnadaiwa mrejesho.

Kwenu waajiri, na nawaambia pia wa Ulaya na Marekani mnaowasaili vijana wetu kwa mbali, tangazo lenu lijalo liseme jaribio litachukua saa ngapi, litalipwa kiasi gani, vigezo ni vipi, nani ataisoma kazi hiyo, itakuwa mali ya nani, na mwombaji atajibiwa tarehe ngapi. Anayeona malipo hayawezekani, amwite mwombaji kwa saa moja na nusu, ofisini au kwa video, ampe menyu halisi ya huduma yake, amlete mteja mmoja wa kweli aliyelipwa nauli na muda wake, awaketishe pamoja, kisha anyamaze asikilize mwombaji anauliza nini. Na wale waliokwisha kuwatumieni kazi zao wakabaki wanasubiri, waandikieni wiki hii, kila mmoja kwa jina lake, mumweleze mlichokiona kwenye kazi yake.